Nilivyomtembeza Mgeni Nyumbani Kwangu

Kwa miaka mingi nyumba yetu ya Kawajense ilikuwa haijaisha, na mume wangu hakuona shida. Tulihamia ikiwa na mabati na milango miwili tu, wa mbele na wa nyuma. Madirisha mengine tuliyaziba kwa mbao. Sebuleni ukiinua macho unaona kenchi za paa, na jioni unaona popo. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika. Yeye ni dereva wa ofisi, wiki nzima yuko barabarani na mabosi, kwa hiyo Jumamosi alitaka kulala na kusikiliza mpira redioni. Nikimkumbusha habari ya dari ananijibu, "Mama, kwani mvua inatunyeshea?" Basi narudi kwenye cherehani yangu.

Ninashona mapazia na nguo za wanawake kwenye baraza la duka la vitambaa, pale Mpanda mjini. Mwenye duka ananiazima baraza, mimi namletea wateja. Kiwanja chetu tulikipata nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Mama yangu alitoka Inyonga na ndoo ya asali kichwani, akakaa nasi kiangazi kizima akisomba maji ya kufyatulia matofali, maana mimi tumbo lilikuwa limenizidi. Kila nikipita ukuta wa jikoni namkumbuka mama ameinama, kanga kaifunga kiunoni, matope hadi magotini.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, mume wangu alibadilika. Watoto wetu wawili walikuwa shule za bweni, tumebaki wenyewe nyumbani. Jumamosi moja nikamwona anaingia na guta lililojaa saruji na mbao. Nikamuuliza, "Hivi vya nani?"

"Vya nyumba yako," akasema, anacheka. "Si umenisumbua miaka yote?"

Tukaanza na baraza. Fundi alipiga sakafu, mimi na mume wangu tukamwagilia maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Jumamosi iliyofuata ikawa dari. Ikafuata plasta ya vyumba vya nyuma, halafu vioo vya madirisha. Rangi tulipaka wenyewe. Alinipeleka dukani akaniambia nichague, nikachagua rangi ya maziwa kwa juu na kahawia kwa chini, ili tope lisionekane. Alikuwa anapanda ngazi na rola, mimi napaka pembeni kwa brashi ndogo, redio inaimba. Akinidondoshea rangi kichwani tunacheka kama watu waliooana juzi. Jirani yangu wa upande wa barabarani alinyoosha shingo juu ya uzio akasema, "Shoga, mumeo umempa nini?" Nikamwambia nami sijui, lakini nikijua nitamuuzia.

Jumapili tukitoka kanisani tunatembea. Hilo nalo lilikuwa jipya. Alinipandisha kwenye pikipiki tukaenda Sitalike kuangalia viboko pale mtoni. Tulikaa juu ya ukingo tukila mahindi ya kuchoma, viboko wamelaliana kwenye maji kidogo yaliyobaki, wananuka, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ujana. Nilimwambia hivyo. Akanishika mkono, akasema, "Tumechelewa tu mama, lakini tutafika."

Kisha akaleta wageni. Aliniambia ni rafiki yake wa kazini, amehamishiwa Mpanda akitokea Tabora, na mkewe hana mtu anayemjua hapa mjini. Jumapili hiyo nilichinja jogoo, nikapika wali wa mchele wa Mpimbwe, nikatandika kitambaa cha meza ambacho hutoka Krismasi tu. Yule mwanamke alikuwa mpole, mdogo kwangu kwa umri, akaniita dada tangu mlangoni. Baada ya kula, wanaume walibaki barazani, naye akaniomba nimtembeze.

Nilimtembeza kwa moyo wote. Nilimfungulia kila chumba, mpaka chumbani kwangu. Nilimwonyesha jua linakoingilia asubuhi na upande wa kuanikia dagaa bila vumbi. Aliniuliza kama maji ya kisima yanakauka mwezi wa kumi, nikamwambia yanapungua tu, asubuhi yanakuwa yamejaa tena. Aliniuliza kama paa linavuja. Nikamwambia lilikuwa linavuja juu ya stoo, ila tumeshabadilisha bati. Nilimfundisha hata mlango wa nyuma, kwamba masika mbao zinavimba, lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kufunga. Yeye alikuwa anapima dirisha kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi vidole. Nilidhani na wao wanajenga mahali, anachukua mfano.

Akayashika mapazia ya sebuleni. "Haya mazuri. Mtatuachia na haya?"

Nikacheka. "Haya ya kwangu, mdogo wangu. Wewe nitakushonea mengine."

Naye akacheka. Tulicheka wote wawili, kila mtu na lake.

Muda si mrefu baada ya hapo mume wangu akasema twende Majimoto kwa mdogo wake, tulale, tupumzike. Tulipanda basi Jumamosi asubuhi. Shemeji yangu analima mpunga kule. Alitupokea vizuri, akatutembeza mashambani, akatuonyesha mahali anapotaka kufunga mashine ya kukoboa. Jioni tulikwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, nikatumbukiza miguu na kuchomoa haraka, wao wakanicheka. Mume wangu akaniuliza, "Umepaonaje huku?"

"Pazuri," nikasema. "Watu wanachapa kazi."

Akamtazama mdogo wake. Niliona walivyotazamana, ila sikutilia maanani.

Tuliporudi Jumapili nilikuta vigingi vimepigwa kwenye pembe za kiwanja, vina rangi nyekundu kichwani. Jirani yangu akaniambia, "Wale wageni wenu walikuja jana na mtu wa kupima. Wakasema mumeo anajua." Nilimuuliza mume wangu. Akajibu huku anavua viatu, "Ni habari ya hati hiyo. Mtaa mzima watapimiwa." Niliamini. Kwa nini nisiamini? Siku zile angeniambia hata twiga kaingia jikoni ningekwenda kuchungulia.

Yule mwanamke alinikuta barazani kwangu mjini siku ya kazi, asubuhi, wateja bado wachache. Alikuwa amenunua kitambaa cha mapazia ndani ya duka, kizito, cha bluu, amekikumbatia kama mtoto. Tukasalimiana. Nikavuta daftari langu la vipimo, nikachukua kalamu niliyoiweka sikioni, nikamwambia anitajie madirisha yake.

Akaona kama namtania. "Dada jamani, vipimo si unavyo? Madirisha ni yaleyale yako."

"Yangu yapi?"

"Ya Kawajense. Mimi nataka mpaka chini, yasiishie katikati kama yale ya kwako. Hata usiharakishe sana. Mume wangu anasema nyie mnatoka mwisho wa mwezi, ukishatia sahihi."

Nakumbuka niliendelea kukunja kitambaa chake. Nilikikunja vizuri, pindo kwa pindo, nikakiweka kwenye meza ya cherehani. Ndipo nikamuuliza, "Sahihi ya nini?"

Uso wake ulibadilika. Alinitazama, akatazama barabarani, akavuta kiti cha wateja akakaa. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "ina maana hukuambiwa?"

Akaanza kueleza bila kuulizwa, kwa haraka, kama mtu anayejitetea. Kwamba nyumba wameipenda tangu siku ya jogoo. Kwamba mume wangu aliwaambia mimi ndiye ninayetaka zaidi kuhamia Majimoto, nimechoka na mji. Kwamba aliwashauri wasinisemeshe sana habari za kuhama kwa sababu naumia kuiacha. "Nilivyokuona unanionyesha mpaka ule mlango wa nyuma," akasema, "nikajua umeridhika. Nilimwambia mume wangu, yule mama ana roho nzuri, anatuachia nyumba na maelekezo yake." Machozi yalikuwa yanamlenga. Mimi ya kwangu hayakuja. Nilifunga cherehani, nikamwomba mwenye duka aniangalizie vitu, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Bodaboda waliniita, sikugeuka.

Nilikaa barazani, kwenye ile sakafu tuliyoimwagilia, nikamsubiri. Alirudi jioni na balbu mbili za nje. Akaniamkia kwa utani kama kawaida, akaweka ngazi, akapanda. Nikamwacha afike juu.

"Hizo taa unamfungia nani?"

"Sisi."

"Yule dada wa Tabora kaja na kitambaa cha mapazia. Anataka mpaka chini."

Hakushuka. Alibaki amenipa mgongo, balbu mkononi. Mwisho akasema, "Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

"Mambo yakiwa tayari. Nilijua utakataa tu."

"Kwa hiyo ukanipa brashi."

Akashuka sasa, taratibu. Akanieleza kwa utulivu kabisa, na utulivu wake ndio uliniumiza kuliko kama angefoka. Amechoka kuendesha mabosi. Mdogo wake amempa nafasi kwenye mashine ya kukoboa, wakiungana watanunua na trekta. Nyumba ndiyo mtaji pekee tulionao. Mtu haangalii nyumba iliyozibwa mbao, ndiyo maana ilibidi ipendeze kwanza. "Na wewe mwenyewe nilikupeleka," akasema. "Si nilikuuliza? Si ulisema pazuri?"

"Nilisema pazuri, baba. Sikusema nahamia."

"Sasa ningefanyaje? Wewe kila kitu unakipinga."

"Nilipinga nini? Wewe uliniuliza nini nikapinga?"

Nikamuuliza na habari ya Sitalike. Kule hakukuwa na shamba wala mnunuzi, nilitaka angalau hiyo ibaki yangu. Alifikiri, akasema ukweli, sijui kwa nini. Siku ile fundi wa dari alikuwa anakuja na mtu wa kutazama nyumba, akaona afadhali mimi nisiwepo. "Lakini nilifurahi," akaongeza. "Viboko walinifurahisha kweli."

Hapo ndipo nililia.

Sikutia sahihi. Wakubwa wa ukoo wake walinipigia simu, mmoja baada ya mwingine, wakinieleza uzuri wa kumfuata mume. Shemeji alikuja mwenyewe kutoka Majimoto, akakaa sebuleni chini ya dari mpya, akaniambia, "Shemeji, unamvunja kaka." Mama yangu nilipompigia Inyonga alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu, "Wewe unataka kukaa wapi?" Nikamwambia nyumbani kwangu. "Basi kaa," akasema, tukazungumza habari za mahindi yake. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, akawaambia wazi kwamba bila mke kukubali hakuna mauzo, na wasimsumbue tena. Mume wangu akawarudishia watu wa Tabora pesa walizokuwa wametanguliza. Shemeji alitafuta mtu mwingine wa kuungana naye kwenye mashine. Vile vigingi niliving'oa mwenyewe kwa jembe, nikavitia jikoni kama kuni.

Yule mwanamke alirudi barazani kwangu baadaye. Walikuwa wamepanga nyumba upande wa Makanyagio. Alisimama mbali kidogo kwanza, hajui nitampokeaje. Nikamwambia akae. Alinitajia vipimo vya madirisha mapya, madogo kuliko yangu, na kitambaa cha bluu kikabaki kingi, nikamshonea na foronya. Mimi na yeye hatujagombana hata siku moja. Aliyenidanganya hakuwa yeye, na nadhani ndiye mtu pekee aliyenionea aibu kwa niaba ya mwingine.

Mume wangu hajaondoka, wala sijamfukuza. Anaenda kazini, anarudi, tunakula. Watoto walipokuja likizo waliishangaa nyumba, wakazunguka kila chumba wakipiga picha kwa simu, wakamsifu baba yao. Sikuwaambia kitu. Wanaopita barabarani nao wanaisifu, na kweli imependeza. Nikiwa peke yangu naugusa ule ukuta wa sebuleni, nakumbuka upande niliopaka mimi na upande aliopaka yeye, najaribu kujua wakati ule anacheka na rangi kichwani kwangu alikuwa anafikiria nini. Sipati.

Jumapili ya juzi aliniambia twende Katumba kununua maharage, kule bei nzuri. Nikamuuliza kuna nini kingine Katumba. Akasema maharage tu. Nikavaa, nikapanda pikipiki, nikashika chuma cha nyuma badala ya kiuno chake. Pale sokoni alikutana na mwanaume mmoja, wakasalimiana kwa furaha, wakasogea pembeni kwenye kivuli cha kibanda. Mimi nilikuwa nachagua maharage, mkono uko gunia hili, masikio yako kule. Mazungumzo yakawa marefu. Nikamwachia muuzaji kikapu changu, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikasimama karibu kabisa na ukuta wa mabanzi, nimebana pumzi.

Walikuwa wanazungumzia matairi.