Mti wa Papa Stanislas Juu ya Paneli

Dhoruba ya Jumamosi iliangusha mkalitusi wa Papa Stanislas, na katika nyumba zote za mtaa wa Nyalukemba ukaenda kulala wapi? Juu ya paa la jirani yake Emérence, palepale kwenye paneli ya jua.

Sasa ilikuwa Jumapili, saa nne. Saa sita Marcellin, mume wa Emérence, angekaa mbele ya phonie, redio ya kuitana, ya misheni kule Shabunda, alikofungiwa na vita miezi minane, amsikilize mkewe. Kwa kuwa askari nao walisikiliza, wawili hao walikuwa wamepatana: njia ikiwa mbaya, Emérence aseme "mama anaumwa". Asiposema kitu, Marcellin abebe mzigo, atoke aje nyumbani. Mapatano gani hayo, jamani! Lakini Emérence, karani wa chuo, hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na hilo lilimpa kichwa kikubwa. Ijumaa akasikia kwamba njiani watu wanauawa. Phonie nyingine za mtaa askari walishazibeba. Ilibaki ya kwake, aliyoificha, na betri yake haifanyi kazi bila jua la saa nzima.

"Papa Stanislas, tukate sasa!"

"Hapana, maman. Tungojee chef d'avenue, mukubwa wa barabara yetu, aje afanye constat, aandike vile mti ulianguka. Kesho utasema mimi ndiye niliharibu paa."

"Mungu wangu! Nani atakusema wewe?"

Chef alikuwa misani. Emérence alikaa, akasimama, akaangalia saa, akakaa tena. Mwishowe akachukua panga, akapanda ngazi.

Djafari, fundi redio wa nyumba ya pili, akamvuta kitenge. "Shuka, maman! Tawi hii imejikunja, ukiikata hapo itakurusha. Na paneli iko na moto ya umeme wakati jua inawaka."

Akaifunika blanketi, akafungua nyaya, ndipo akaanza kukata kutoka kwenye vitawi vyembamba. Polepole mno! Emérence alitamani kumpiga. Kioo cha paneli kilikuwa kimepasuka chote, lakini nyaya ziliporudishwa, betri ikaanza kunywa moto kidogo kidogo.

Saa sita ikapita. Saa sita na nusu akabonyeza. "Shabunda! Shabunda!"

Akajibu Lucien, mtu wa phonie kule. "Maman Emérence? Marcellin ametoka sasa hivi. Alisema, kama bibi yangu amenyamaza, njia iko muzuri."

"Umukimbilie, Lucien! Umukimbilie!"

Akazunguka meza. Papa Stanislas alisimama mlangoni, kofia mkononi, aibu imemjaa. Kisha sauti ikaja, inahema. "Emérence? Kuna nini?"

Maneno ya mapatano alikuwa nayo ulimini tangu Ijumaa. Yakamkimbia.

"Usikuje! Wanaua watu ku njia! Usikuje!"

Phonie ikavuma.

"Nimesikia," Marcellin akasema. "Nabaki."

Betri ikazima. Emérence alilia, akacheka, akalia tena, kwa sababu alikuwa amemwambia mumewe waziwazi, na kila askari aliyesikiliza naye amesikia. Akajipangusa uso.

"Djafari, tushushe antena. Mbio, watakuja!"

Papa Stanislas ndiye aliyetangulia kupanda ngazi.