Mama Daisy na Mto wa Wafaransa

Mtu anayesafisha ndege anazijua likizo za watu kuliko wenyewe wanavyozijua. Gladness, ambaye Watanzania wa Märsta, huko Uswidi, na hata Wakenya wa huko wanamwita Mama Daisy, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda kwa miaka kumi na tisa. Mchanga ukiwa chini ya viti, hao wametoka Ugiriki. Maganda ya pistachio, Uturuki. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria mara chache tu, kwenda Singida kwa shughuli za ukoo, na akirudi leo, kesho alfajiri keshavaa glovu.

Sasa siku moja, kwenye mfuko wa kiti cha dirishani, akakuta kipeperushi cha kijiji fulani cha Ufaransa. Kijiji chenyewe kidogo, nyumba za mawe, na pembeni wamechora vya kutembelea: magofu ya ngome juu ya kilima, pango, njia za kutembea na punda wa kukodi. Na mto. Mtoni palikuwa na mwanamke wa makamo ndani ya mtumbwi wa plastiki, kasia juu, mdomo wazi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Gladness akasimama katikati ya viti na mfuko wa taka mkononi.

"Huyu naye anacheka nini?" akauliza peke yake.

Swali hilo likamng'ang'ania wiki nzima. Akakata shauri: mwaka huu atakwenda huko, atapanda huo mtumbwi, ajue kinachochekesha.

Tatizo lilikuwa Ronny. Ronny ni Mkenya, msimamizi wa zamu, mtu mwema asiye na makuu, lakini namba ya Mama Daisy anaijua kwa kichwa, na unajua kwa nini? Kwa sababu Mama Daisy hajawahi kumwambia hapana. Mtu kaumwa, anaitwa Mama Daisy. Theluji imezuia treni, Mama Daisy atakuja hata kwa miguu. Siku Daisy anatimiza miaka kumi na minane, keki mezani, mishumaa inawaka, simu ikalia, na mama mtu akaenda.

Kwa hiyo Gladness alipoutangaza mpango wake, Daisy hakuacha hata kutafuna. Akamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba hatafika popote. "Ronny atapiga, na wewe mama utarudi hata kama umeshaloa nusu."

Gladness alikasirika kwelikweli, kwa sababu mtoto alisema kweli. Akachukua simu palepale akampigia Natacha, Mrundi anayekaa Fittja, mwenzake wa kwaya, anayezungumza Kifaransa bila kupumua.

"Natacha, una siku za likizo?"

"Ninazo nyingi, dada. Kwa nini?"

"Tunakwenda kucheka."

Wakaenda Septemba. Jamani, wale wanawake! Siku ya kwanza walipanda kilima cha ngome, Natacha kavaa viatu vya kanisani, anaapa kwa Mungu kila baada ya hatua kumi kwamba hapa ndipo atakapozikwa. Juu walikuta kuta nne na mbuzi mmoja, wakapiga picha sitini na tatu. Siku ya pili wakakodi punda. Punda akagoma mbele ya kanisa la kijiji, akakita miguu yake minne chini kama nguzo, Natacha akamsihi kwa Kifaransa cha heshima, wapi! Gladness akamwinamia sikioni akamsemesha Kinyaturu, yale maneno ambayo bibi yake alikuwa akiwaambia punda wa maji. Yule mnyama akanyoosha masikio, akaondoka mbele kwa mbele. Walicheka mpaka wakashikana mabega ili wasianguke.

Siku ya tatu ndipo walipotaka kufungwa.

Walikuwa wakipita msituni, Gladness akaona uyoga wa njano, ule mtamu ambao kila mwaka anauchuma kwenye misitu ya nyuma ya Märsta. Mwingi! Akavua kilemba, akakigeuza kikapu. Kumbe akili yake yote ilikuwa imeshakuwa ya Kiswidi bila yeye kujijua; kule msitu ni wa watu wote, unaingia, unachuma, unakwenda zako, hakuna wa kukuuliza. Kilemba kimeshajaa, akatokea mzee mwenye masharubu na mbwa mnene, anafoka.

"Anasemaje?" akauliza Gladness.

"Anasema wewe ni mwizi."

"Mimi?" Gladness macho yalimtoka. "Mwambie uyoga hauna mwenyewe! Mwambie kaupanda lini? Kaumwagilia lini?"

Natacha akatafsiri, naye hana dogo, akaongeza na chumvi yake. Mzee akajibu kwamba msitu huu ulikuwa wa baba yake na wa babu yake. Gladness akajibu kwamba kwao Uswidi hata mfalme hawezi kumkataza mtu uyoga. Mzee akamtazama yule mama Mwafrika mwenye kilemba cha uyoga anayetetea sheria za Waswidi katikati ya msitu wake, na masharubu yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka mbwa akaingiwa na hofu. Jina lake Valéry. Dakika ishirini baadaye walikuwa jikoni kwake wanakula uyoga uleule na mayai, na ikajulikana kuwa ile mitumbwi ya mtoni ni yake.

Gladness akaweka uma chini. "Mwulize kama tunaweza kwenda kesho."

Kesho mvua. Keshokutwa mvua. Ikabaki siku moja tu, Ijumaa, na Valéry akasema jioni yake anaitoa mitumbwi yote majini mpaka mwakani. Usiku ule Gladness alilala roho juu. Asubuhi, jua likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Valéry akawavalisha majaketi ya kuelea, akawaonyesha kasia linavyoshikwa, akawapa pipa dogo la plastiki lenye kifuniko cha kusokota la kutilia simu na pasipoti zisiloe. Gladness hajui kuogelea. Alipoingia, mtumbwi ukayumba, akamshika Natacha nywele.

"Niachie, dada! Ni za kubandika!"

Wakasukumwa. Nusu saa ya kwanza walizunguka tu kama nzi kwenye bakuli. Halafu makasia yakaanza kuelewana, maji yakawachukua taratibu kati ya miti, na mbele wakasikia ule mngurumo wa maji ya kasi aliowaahidi Valéry. Gladness alihisi tumbo linamcheka kabla ya mdomo.

Ndipo pipa likalia.

Kriii, ndani ya plastiki. Wakatazamana. Likanyamaza, likalia tena.

"Usilifungue," akasema Natacha.

"Kama ni Daisy?"

"Si Daisy. Unajua ni nani. Weye, shika kasia!"

Lakini miaka kumi na tisa si mchezo. Mikono ilifungua kifuniko yenyewe, akiitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Mama Daisy, shikamoo, pole kwa kukusumbua," ilikuwa sauti ya Ronny, amechoka. "Watatu wameumwa. Ukipata ndege ya leo jioni, kesho asubuhi unaweza kutusaidia? Wewe tu ndiye wa kutegemewa."

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Natacha aliinamisha kichwa, hakutaka kuona. Gladness akaogopa kuliko alivyoyaogopa maji.

"Ronny, siwezi."

Ronny hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, hakuwahi kulisikia. "Huwezi?" Sauti ikashuka, ikawa ya huruma. "Kuna msiba, mama? Nani amefariki?"

Kabla hajajibu, mtumbwi ukageuka nyuma mbele, maji ya kasi yakawabeba kinyumenyume. Natacha akapiga yowe kwa Kirundi. Gladness akapiga yowe lisilo na lugha, simu juu, maji usoni, kifuani, mgongoni, jiwe kulia, jiwe kushoto, na kutoka kwenye simu Ronny naye anapiga kelele, "Mama Daisy! Mama Daisy, uko wapi?" Kisha wakatemwa kwenye maji matulivu, wameloa chapachapa, wazima wote wawili, wanacheka bila sauti kwa kukosa pumzi.

Akairudisha simu sikioni.

"Hakuna msiba, Ronny," akasema. "Nacheza."

"Unafanya nini?"

"Nacheza. Niko mtoni, nacheza."

"Haya, mama," akasema Ronny, taratibu. "Cheza."

Gladness akairudisha simu kwenye pipa. Alilia kidogo, akajifuta uso kwa mkono uliolowa, jambo ambalo halikusaidia kitu, halafu akamwuliza Natacha, haraka haraka, kama Valéry atakubali wateremke tena kabla hajaitoa mitumbwi majini.