Fremu Kumi za Masika

Inasio alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akapewa kiwanja katika kijiji kipya cha ujamaa, si mbali na Kitaya. Mwaka 1974 bwana nyuki alipoleta mizinga ishirini ya masanduku, ni yeye peke yake aliyekubali kuifungua bila kuwasha moto wa kuunguza. Akawa mtunza nyuki wa kijiji.

Wakati wa kurina hakumaliza asali yote. Fremu kumi, zile mbao za masega, zikiwa zimejaa, alizifungia kwenye kasha nyumbani kwake, nondo walao nta wasizifikie. Masika mvua huangusha maua, nyuki wakalala njaa; hapo angewarudishia chakula chao, fremu moja moja. Hakumwambia mtu. Mwaka ule watu walikula hata mbegu ya mtama, naye aliona asali haitasalimika.

Januari, kijiji kikisubiri wageni wa chama, Fatuma wa kamati ya kijiji aliona msururu wa sisimizi, akaufuata hadi kwenye kasha.

"Ndugu Inasio! Kumbe kwako kuna duka?"

"Si yangu, mama. Ni ya nyuki."

"Nyuki wana kadi ya chama?"

Watu walicheka. Mwenyekiti Abdallah hakucheka.

"Tangu lini nyuki akalishwa asali? Sema ulitaka kuivusha kwenu, ng'ambo."

"Wasipokula masika hii watahama, Mwenyekiti."

"Watarudi. Baba zetu walirina miaka yote. Nani aliwapikia nyuki?"

Waliomwelewa walikuwapo, walitazama chini.

Aliamriwa azikamue mwenyewe. Akazikamua, masega yote, maana aliogopa kurudishwa ng'ambo ya mto. Wageni wakala asali kwa mihogo, wakasifu. Fremu zenyewe zikawa kuni za chai.

Mvua ilinyesha wiki sita mfululizo. Inasio alitafuta sukari ya kuwakorogea nyuki. Dukani hapakuwa na hata ya watoto. Aprili akafungua mizinga, mmoja baada ya mwingine. Masega makavu, kimya. Mitatu tu ndiyo iliyokuwa na nyuki.

Kamati ikaandika kwamba nyuki walihama kwa uzembe wa mtunzaji, ikampeleka kwenye shamba la mikorosho. Masanduku matupu wajumbe wakagawana. La Fatuma likawa la kutagia kuku.

"Ndugu Inasio," Fatuma alimwita siku moja alipomwona akipita na jembe, "na hawa kuku tuwawekee akiba, wasihame?"

"Kuku hana pa kuhamia, mama," alisema, akaenda shambani.