Mume Wangu Ananishukuru kwa Kumwokoa Mama Yake, Kumbe Nilikuwa Nyuma ya Mlango

Admin, futa jina na picha yangu, mengine yaache kama nilivyoandika. Mimi ni Mtanzania wa miaka thelathini na nne, naishi Brussels, Saint-Gilles, na mume wangu Mkongo wa Lubumbashi na binti yetu wa miaka sita. Mume ni mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Schuman. Mimi napokea simu za wateja wa bima ya safari. Ukitaka kutukanwa kwa lugha mbili, fanya kazi hiyo wakati ndege zote zimesimama.

Tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, kampuni ikaniletea kompyuta na visikilizio vya kuvaa kichwani. Jamani, nilifurahi! Nikasema sasa nitamwona mwanangu mchana, nitapika chakula cha maana. Nilijidanganya. Ile kompyuta inahesabu kila dakika unayotoka kwenye kiti, na msimamizi anaona. Wiki ya kwanza tu binti aliingia chumbani analia njaa katikati ya simu, mteja akafoka, nikaandikiwa onyo. Nikaona isiwe tabu. Nikamfundisha mtoto: ukiona kanga imening'inia kwenye kitasa cha mlango, mama hayupo, yuko kazini. Usigonge, usiite, subiri niitoe.

Akashika. Mimi nami nikawa najisifu kwa wenzangu kwenye kundi la WhatsApp, natuma na picha yake amekaa kimya na penseli zake, wenzangu wananipongeza kwa malezi. Aliyekuwa hapendi ni mama mkwe. Alikuja kututembelea mwezi mmoja, ndege zikasimama, akakwama kwetu. Alikuwa ananicheka ninavyojifungia chumbani, "Alors, we mutoto, hii kazi gani ya kujifungia mu chambre? Unaogopa nani?" Namjibu, "Mama, ndiyo inayotulisha." Anaguna, anarudi jikoni kwake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Simu zilikuwa mfululizo, kuna mzee mmoja anadai pesa ya likizo yake na hataki kuelewa. Nikasikia kishindo jikoni. Nasema kweli, nilisikia. Nikajiambia ni sufuria. Nikaongeza sauti ya visikilizio nikaendelea na mzee wangu, na baada yake nikapokea wengine watatu.

Nilipofungua mlango, binti alikuwa amekaa chini pale nje. Akaniambia taratibu, "Mama, bibi ameanguka. Nimekusubiri." Karibu dakika arobaini! Mama mkwe alikuwa sakafuni jikoni, mdomo umeenda upande, macho wazi, na juu yake koti dogo la mtoto. Alimfunika bibi yake, halafu akaja kunisubiri kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe.

Nikapiga simu ya dharura. Wakauliza ameanguka saa ngapi. Nikajibu, "Sasa hivi." Mdomo ulitangulia, wallahi. Mume alipofika anahema, nikamwambia hivyohivyo. Usiku ule nikamwambia na mtoto kwamba baba asijue habari za kusubiri, atasikitika. Akatikisa kichwa kukubali.

Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na hospitali hawaruhusu kumtembelea. Mume wangu sasa kila akipigiwa simu na ndugu zake wa Lubumbashi anasema, "Muke yangu njo aliokoa maman. Kama alikuwa ku bureau, maman angekufa." Yaani ningekuwa ofisini. Shangazi zake wananiombea baraka kwenye spika, mimi nimesimama pale na mwiko mkononi. Binti ananiangalia tu. Natamani ardhi ipasuke.

Juzi kampuni wameniandikia: wanataka nibaki kufanya kazi nyumbani moja kwa moja, hata mambo yakifunguliwa, na cheo waniongeze. Natakiwa kujibu Jumatatu. Mume amefurahi kupita kiasi. "Bon, kubali! Utakuwa karibu na maman, utamuchunga." Na mama anarudi Ijumaa. Ameanza kutamka maneno mawili matatu, muuguzi kasema akili yake ni nzima kabisa. Alikuwa na macho wazi pale sakafuni, ndugu zangu. Najua aliita. Akifungua mdomo mume wangu atajua kila kitu, na atajua kuwa nimemfundisha mtoto wake kudanganya. Mwanaume yule anampenda mama yake kuliko kitu chochote, sidhani kama ataniacha niendelee kukaa naye. Na nisipomwambia, nitakuwa nakaa namwombea mama mgonjwa asipone ulimi. Astaghfirullah, nimefika huko.

Najiuliza kazi hii niliifanyia nani. Nilisema ni ya mwanangu. Jana namwogesha, akaniuliza, hata hakuwa na hasira, kama anayeuliza habari za shule, "Mama, mimi nikiumwa mchana, nimwite nani?"

Nikamsugua mgongo tu huku nalia.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mkimaliza nishaurini. Nimwambie mume wangu kabla ya Ijumaa? Nianze na lipi? Na yule mtoto nimjibu nini, maana bado anangoja.