Mirija Arobaini ya Chepkosgei

Chepkosgei alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika boma ambamo mursik, maziwa yaliyolazwa kibuyuni, hayakukosekana. Mamake hakujua ni nini hasa kilichoyageuza. Binti alitaka kujua, akasoma hadi akafika maabara moja mjini Bungoma.

Huko alitenga bakteria wa kibuyu cha nyumbani, akatoa ndani yao kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa. Mimi, rafiki yake niliyefunzwa shuleni na masista kuogopa kila kijidudu, nilimsikiliza kwa mshangao. Kimeng'enya, alinieleza kwa subira, ni uzi mrefu uliojikunja, na mkunjo ndio kazi yake. Ukikunjuka kwa joto, haukati tena. Kwa miaka mitatu alibadilisha sehemu moja baada ya nyingine ya uzi huo, apate kujua ni ipi inayoshika sukari. Matunda ya miaka hiyo yote yalikuwa katika mirija arobaini ndani ya friza.

Alhamisi moja ya Aprili mvua iliangusha nguzo za umeme. Fundi akasema, labda Jumatatu. Chepkosgei aliipanga mirija kwenye barafu iliyobaki, akaenda Naitiri kwa Mzee Waithaka, apandishaye ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Mtungi wake wa nitrojeni, kimiminika baridi kuliko barafu, hauhitaji umeme.

"Ati wadudu wako wakae na mafahali wangu?" mzee aliuliza.

"Si wadudu, Baba. Na kila mrija nimeuandika."

"Hata mafahali wameandikwa. Nikikosea, ng'ombe wa jirani yangu Kiragu atazaa mursik, na wewe ndiye utakayemweleza."

Chepkosgei alicheka, akaishusha mirija katika moshi baridi wa mtungi. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka njiani.

Siku nne alikaa Kitale kwa dada yake, mtaani Matisi, asilale vizuri. Umeme uliporudi, alipitia Naitiri akachukua mrija mmoja tu. Maabarani alitia tone lake katika maji yenye dawa, ambayo hugeuka manjano kimeng'enya kikiwa kizima. Dakika ya kwanza, maji matupu. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya tano rangi ilianza chini, hafifu kama maji ya malenge, kisha ikaenea yote.

Hapo hapo akampigia mzee simu.

"Wako hai?" akauliza mzee.

"Kinakata sukari, Baba. Kama zamani."

"Bwana asifiwe. Basi pumzika leo. Waliobaki uje uwachukue kesho, hapa hawasumbui mtu."