Sauti ya Nne Kwenye Simu ya Dada

Watu walimwita Bwana Kimya, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana kulikataa kungemlazimu kuzungumza. Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo kwenye simu na flashi, katika chumba chembamba kilichopakana na duka la vioo. Mlikuwa na meza, kiti kimoja, kompyuta iliyochoka kama mwenyewe, na feni iliyozungusha joto lile lile.

"Bwana Kimya!" muuza vioo alimtania kila asubuhi kutoka upande wa pili wa ukuta. "Leo unauza kelele kiasi gani?"

Yeye alitabasamu tu, ingawa mwenzake hakumwona.

Asubuhi hiyo alikuwa hoi kabla hata hajakaa. Mgongo ulimvuta, macho yalimwasha, na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ndipo dada yake mkubwa alipoingia, flashi ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Au siku hizi unakula nyimbo?"

"Kazi tu, dada."

"Haya. Hizi ni zile tulizorekodi na kwaya kabla shemeji yako hajatutoka. Simu yangu inazikataa. Nitengenezee nikazisikilize nyumbani."

Akamwachia simu pamoja na flashi, akaenda zake sokoni. Bwana Kimya akazihamishia nyimbo zote kwenye kompyuta, flashi ikabaki tupu. Zilikuwa faili za studio, nzito kama magunia ya mchanga. Kazi yenyewe aliijua hata akiwa amefumba macho: unaupandisha wimbo kwenye tovuti ya kubadilishia, unachagua aina ya faili, unasogeza alama ya ubora, unasubiri, kisha unaushusha ukiwa mwepesi. Kuisema ni rahisi. Mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama, mtandao ukakatika, akaanza upya. Ukatambaa tena, ukakatika tena. Mwishowe akaisukuma ile alama ya ubora mpaka chini kabisa, ili mambo yaende haraka. Simu ya dada yenyewe inalia kama kopo, alijisemea, nani atajua?

Kila wimbo mwepesi uliposhuka, aliufuta ule mzito. Ndivyo alivyowafanyia wateja wote, kwa kuwa kompyuta yake haikuwa na nafasi hata ya kupiga chafya. Hakuna aliyewahi kurudi kuulizia faili kubwa.

Dada aliporudi, alichukua simu yake, akachomeka visikilizio palepale mlangoni. Akasikiliza. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Yuko wapi?"

"Nani, dada?"

"Shemeji yako! Si unajua tabia yake? Alisimama nyuma na wenzake wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, kazi yake kuwanong'oneza waliosahau maneno ya ubeti unaofuata. Fundi wa studio alimgombeza mpaka akachoka. Siku ile walipotupigia kwenye spika zao nilimsikia, chini kule, kwa mbali. Sasa humu nasikia watu wanaimba tu."

Bwana Kimya akaigeukia kompyuta. Akauchukua wimbo mmoja mwepesi, akaupandisha tena kwenye tovuti, akaamuru urudishwe kwenye faili kubwa. Ulirudi umenenepa kweli. Akampa dada asikilize, naye akatikisa kichwa. Ilikuwa kama kumvalisha mtoto koti la baba yake: koti kubwa, mtoto yule yule.

Akaizima feni ili asikike vizuri.

"Dada, wimbo hauwi mwepesi bila kitu kutupwa. Mashine inatupa zile sauti ndogo zilizofunikwa na kubwa. Ukiubana kidogo, huenda usijue. Mimi nimeubana sana, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Na zile faili nzito nimezifuta."

"Kwa hiyo mashine imemtupa."

"Nimemtupa mimi."

Dada alishusha orodha ya nyimbo kwenye simu yake kwa kidole.

"Na ule mrefu mbona haumo?"

Ule mrefu tovuti iliukataa. Ulipita uzito inaoruhusu, na yeye, kwa uchovu, aliuacha ulivyo akisema atautafutia dawa baadaye. Akaufungua, akavuta kiti, akamkalisha dada na kumvika visikilizio vyake vikubwa vya kazini.

Kwaya ilianza. Dada alikaza macho ukutani. Kisha akainua kidole, kama mtu anayenyamazisha watoto.

"Huyo," alisema kwa sauti kubwa, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Anamkumbusha yule mama mnene! Kila wiki alisahau palepale!" Akacheka, na machozi yakamtoka kwenye kicheko hicho hicho. "Huu usiuguse. Umesikia? Usiuguse!"

"Simu yako haitaufungua, dada."

"Basi nitakuja hapa."

Mteja akachungulia mlangoni, flashi mkononi. Bwana Kimya akamwonyesha kiganja: ngoja kidogo. Akaegemea meza, mgongo ukimuuma, akasubiri wimbo uishe. Ulikuwa mrefu kweli. Ulipoisha, dada akanyoosha mkono, akaurudisha mwanzo.