Aliyeitika Kutoka Dungu la Liborio

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa mpunga, mwanangu, tulipomwita mdogo wangu ashuke kwenye dungu, akaitika mtu mwingine.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Najua nyie wa siku hizi mnapenda kufika mwisho haraka, lakini hili ukilisikia haraka hutalisikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sikuwa bibi wakati huo, nilikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, Auleria wangu, na baba yake alibaki Ifakara kwenye mashine ya kukoboa. Shamba letu lilikuwa mbali bondeni, upande wa Mofu, mpaka uvuke mto kwa mtumbwi. Mpunga ukianza kutunga, unafunga nyumba ya mjini unahamia shambani, unaishi kwenye kibanda cha nyasi mpaka uvune. Mimi nilihamia na mdogo wangu Kasiani. Alikuwa kijana wa kuota ndevu, mpole, amemaliza la saba na jina lake halikutoka kwenye waliochaguliwa sekondari. Nyumbani walishamzoea kama mtu wa kutumwa maji na kuni. Hakuna aliyemwonea, ila hakuna aliyemwona pia.

Dungu ni jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi. Unapanda kabla jua halijatoka, unashuka likizama. Kazi yako ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Wale kweleakwelea wakitua ukiwa umegeuka kuwasha tumbaku, wakiinuka unabaki na mabua. Una kombeo lako la kamba, una rundo la mabonge ya udongo, na una sauti yako. Majirani wako kila mmoja juu ya dungu lake, lakini katikati kuna mpunga na magugu marefu, na asubuhi kuna ukungu. Unaona kipaa tu. Mtu mwenyewe humwoni, unamsikia.

Ni kazi ya upweke. Ndiyo maana ule mchezo ulipoanza tuliupokea kama mvua.

Aliyeuanzisha ni Oto, mtoto wa mzee Damasi. Alisema kila dungu ni nchi, na ndege ni jeshi. Nikiwafukuza wakatua kwako, nimekuvamia. Ukiwarudisha kwangu, umenipiga. Ukipiga watu unapanda, kutoka askari unakuwa akida, kutoka akida unakuwa jumbe. Na hakuna kuitana jina la nyumbani. Huko juu kila mtu na cheo chake. Oto alikuwa Akida Moto. Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake, mzee Luhende, alikuwa amekuja na ng'ombe miaka michache nyuma, akajiita Simba wa Ziwa. Yustina wa mama Agripina, ambaye kanisani hata akiimba humsikii, huko juu alikuwa malkia wa kutisha watu. Mimi waliniita Mama Mizinga kwa sababu ya ukubwa wa mabonge yangu. Na Kasiani akawa Jumbe Radi.

Ungewasikia asubuhi!

“Simba wa Ziwa! Umelala? Askari wangu wanakula ubwabwa wako huko!”

“Waache wale, Jumbe. Wakishiba nitawachinja wote.”

“Utachinja nini wewe, jogoo wa mama Agripina alikukimbiza juzi mpaka kwenye tope!”

“Ule ulikuwa mkakati!”

Nilikuwa nacheka mpaka Auleria anaamka. Sitakudanganya kwamba mchezo ulikuwa mbaya. Mpunga wetu mwaka ule ulilindwa vizuri kuliko miaka yote. Na Kasiani, mwanangu, nilimwona anakuwa mtu. Mgongo ukanyooka. Sauti ikashuka ikawa nzito. Bonde zima lilikuwa linamwita Jumbe, na akisema kitu watu wananyamaza wamsikilize. Ukimpa hicho kijana ambaye hajawahi kusikilizwa, unadhani atashuka kula ugali?

Hakushuka. Kulikuwa na sheria kwamba ukiacha dungu lako mchana unashushwa cheo, maana wengine watakuvamia ukiwa hupo. Basi nikawa nampelekea chakula, anakula huku macho yake yapo angani, na tonge anaweza kulishika mpaka likapoa. Nikimwita “Kasiani” hageuki. Nikimwita “Jumbe” anageuka hapohapo.

Sasa kulikuwa na desturi ya zamani kule bondeni, nayo ndiyo niliyotaka uijue. Jua likikaribia kuzama, kabla mtu hajashuka, tulikuwa tunaitana. Dungu la mwisho linaanza, linamwita jirani kwa jina lake kamili, jirani anaitika “Nipo,” naye anamwita anayefuata, mpaka juu kwenye vibanda. Kuna tembo kule, kuna viboko wanaotoka majini giza likiingia, na simba walikuwepo. Asiyeitika, anafuatwa hapohapo wakati macho bado yanaona. Wazee waliokuja kutoka upande wa Mahenge ndio walioianza, na aliyekuwa anaisimamia ni Bibi Filomena, jirani yangu, mjane aliyekuwa anafukuza ndege kwa kugonga debe. Yeye mchezo hakuutaka.

Mwaka ule vyeo vikaingia mpaka kwenye kuitana. Hatukupanga, vilijiingilia tu. Mtu alianza kwa mzaha, kesho yake ikawa ndiyo kawaida.

Bibi Filomena akasimama njiani akatungoja tushuke. “Mchana chezeni,” akasema. “Jioni muitane majina mliyobatizwa.”

Kasiani akacheka. “Shikamoo, bibi. Lakini Kasiani hayupo huku. Yupo Jumbe.”

Bibi hakuitikia shikamoo yake. Alimtazama tu, kisha akanitazama mimi.

Ni katikati ya msimu ndipo alipoingia Mwenye Bonde.

Asubuhi moja ya ukungu tulisikia sauti upande wa matete, kule chini karibu na maji. Ilikuwa sauti tulivu, si ya kelele, lakini ilifika kila mahali. Ikasema, “Mimi Mwenye Bonde.” Ndege wote wakainuka kwa mara moja, mashamba yote, na huku kwetu si kawaida, huwa wanainuka kwa makundi. Wakatua kwa Kasiani. Tukashangilia. Tuliona amepatikana mchezaji.

Kuanzia siku hiyo Mwenye Bonde alikuwa anawashinda wote, na aliyekuwa anamkaribia ni Kasiani peke yake. Anakaribia, hampati. Na kila jioni ile sauti ilikuwa inamwambia maneno yaleyale, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto: “Jumbe Radi, leo ilibaki kidogo. Kesho wahi.”

Naye anawahi. Alianza kutoka kibandani kabla sijaamka. Homa ikamshika, nikampa klorokwini, akaitema, akasema inamwasha mwili na hawezi kurusha kombeo akiwa anajikuna. Mashavu yakaingia ndani. Nikamwambia, “Mdogo wangu, utakufa kwa ajili ya ndege?” Akaniambia, “Dada, imebaki kidogo.”

Hatukumuuliza Mwenye Bonde ni nani. Katika ule mchezo hilo halikuwa swali. Upande ule wa matete kulikuwa na dungu moja tu, la mzee Liborio, na mzee Liborio mwaka ule alikuwa anaumwa mguu, hakulima. Tulilijua hilo, kila mmoja wetu. Lakini kulijua ni kitu kimoja, kuliwaza ni kingine.

Basi ikafika ile jioni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na ukungu ukatambaa juu ya mpunga mapema. Mimi nilikuwa nimeshashuka kupika. Nikawasikia wanaitana, Akida Moto, nipo. Simba wa Ziwa, nipo. Kisha Yustina akaita, “Jumbe Radi!”

“Nipo,” ikasema sauti. “Nashuka.”

Nikaongeza maji ya ugali.

Wote wakafika vibandani. Masanja akapita anaimba, Yustina akaja kuomba moto. Kasiani hakufika. Bibi Filomena akatoka na debe lake mkononi, akauliza, “Mdogo wako yuko wapi?”

“Anakuja, bibi. Ameitika.”

“Aliitwa nani?”

Nikasema, “Jumbe Radi.”

“Huyo simjui. Nani kasikia Kasiani anaitika?”

Tukatazamana. Nikamwachia Yustina mtoto, nikaanza kukimbia, na wengine nyuma yangu.

Mwanga ulikuwa bado upo, ule wa kijivu. Kwenye dungu lake tukakuta kandambili zake chini ya ngazi, zimepangwa vizuri, kama mtu anayeingia nyumbani kwa wenyewe. Kombeo lilikuwa juu, limetundikwa. Tukaita, “Jumbe Radi!”

“Nipo,” ikajibu, kule mbele, kwenye matete.

Tukaifuata. Tukaruka mtaro wa maji, tukaingia kwenye magugu mpaka kifuani. Tukaita tena.

“Nipo.” Ilikuwa mbele zaidi. Maji yakaanza kufika magotini, na unajua maji ya kule ni ya nani. Masanja, ambaye alikuwa hamwogopi hata fahali wa baba yake, akasimama. Akasema taratibu, “Dada, hiyo siyo sauti yake.”

“Ni yake,” nikasema. Na kweli ilikuwa kama yake. Ilikuwa ile sauti nzito ya juu ya dungu. Lakini mdogo wangu alikuwa na homa ya siku nyingi, angeitoa wapi sauti kubwa namna ile?

Bibi Filomena akatufikia, anahema. Akagonga debe mara moja, tukanyamaza. Hata vyura walinyamaza, naapa. Kisha akaita, si kwa kelele sana, kama mtu anayeita mtoto aje kuoga:

“Kasiani! Kasiani, mtoto wa Ladislaus na Veronika! Bibi yako Filomena anakuita!”

Mbele kwenye matete pakawa kimya. Hapakuitika mtu.

Kilichojibu kilitoka nyuma yetu. Hakikuwa neno, kilikuwa kilio kidogo tu cha mtu aliyechoka. Tukarudi mbio. Alikuwa amelala ndani ya ule mtaro tuliouruka, maji yamemfika kidevuni, ameshika nyasi kwa mkono mmoja. Tulikuwa tumemruka, mwanangu. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nilimruka nikamfuata mwingine.

Tukamvusha kwa mtumbwi, Oto na Masanja wakamweka kwenye baiskeli wakapokezana kumshikilia mpaka Ifakara, hospitali. Ilikuwa malaria ya kichwani. Alipofumbua macho mimi ndiye niliyekuwa pale kitandani. Hakuniuliza Auleria hajambo, hakuniuliza mpunga. Aliniuliza, “Nani ameshika nafasi yangu?” Kisha akaniambia kwamba mchana ule Mwenye Bonde alimwambia, umenishinda, njoo dunguni kwangu nikukabidhi kiti. Ndipo akavua kandambili akaenda.

Nilitoka nje nikalia ukutani. Nililia kuliko nilivyolia kule mtaroni.

Niliporudi shambani, wanaume walikuwa wameshakwenda kulitazama dungu la Liborio. Walikuta nguzo. Jukwaa lilikuwa limeshaoza na kuanguka, ngazi imeshikwa na majani yanayotambaa, na mnana walikuwa wamening'iniza viota vyao pale ambapo mtu angekaa. Hapakuwa na alama ya mguu.

Tukaulizana, hatimaye. Oto akasema, “Mimi nilidhani ni Masanja anageuza sauti.” Masanja akasema, “Nilidhani ni wewe.” Yustina alikuwa amedhani ni Kasiani mwenyewe, anajichezea peke yake pande zote mbili. Mimi sikudhani kitu, na labda hilo ni baya zaidi.

Huenda kulikuwa na mvuvi mcheshi, akaogopa kujitokeza baada ya yale. Huenda ni maji yanavyorudisha sauti. Padri alisema homa. Lakini homa alikuwa nayo Kasiani, sisi wengine tulikuwa wazima. Na asubuhi iliyofuata baada ya kuulizana, kwenye ukungu, sauti iliita tena: “Jumbe Radi, imebaki kidogo.” Hakuna aliyejibu. Tukaanza kugonga madebe kama Bibi Filomena, kila mtu lake, na jioni tukaitana majina tuliyobatizwa. Iliita mpaka mavuno, kila siku kwa sauti ndogo zaidi, halafu sikuisikia tena.

Kasiani yuko Mkula sasa, ana duka la barabarani na wajukuu. Nikimpigia simu namtaja kwanza, Kasiani wa Ladislaus na Veronika. Ananijibu, “Nipo, dada.” Hapo ndipo naanza mazungumzo. Watu wanashangaa bibi huyu wa darasa la nne anawezaje kukumbuka majina ya watu wote, na baba zao. Ndiyo hivyo nilivyojifunza.

Nayasema haya kwa sababu juzi nilimkuta mjukuu wangu Prospa na simu yake, anapigana kwenye nchi za humo ndani, ana cheo, ana upanga unaowaka. Chai imepoa pembeni. Nikamuuliza, “Unacheza na nani?” Akasema, “Simjui, bibi, anajiita tu. Niache kidogo, imebaki kidogo.”

Mwanangu, cheza. Sikukatazi, nilicheza nami nikacheka. Kupenda kuwa mkubwa mahali fulani si dhambi. Lakini ukiona mahali pana sheria kwamba ukiondoka unashushwa, jua hapo hukaribishwi, umefungwa. Ukisikia neno “imebaki kidogo,” simama, uulize anayelisema anataka nini kwako, maana mchezo wa aina hiyo haumaliziki. Wajue unaocheza nao kwa majina yao na ya mama zao. Chakula kikiwa tayari, shuka ukile kikiwa moto. Na wewe uliye na mdogo wako humo, usiridhike kwa sababu ameitika “nipo” kutoka chumbani. Mwite jina lake, uende, umwone uso.

Mungu akulinde mchana ukiwa na vyeo vyako vyote. Jioni ikifika, asikosekane mtu anayelijua jina lako wa kukuita. Na ukiitwa, mwanangu, uitike mwenyewe.